Usimuue Baba Yako

Oyat alikuwa ameshakufa mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja mama yake alikaa benchi la mbele akimwangalia. Alichomwa kisu, alizama ziwani, aligongwa na lori, alitiliwa sumu na mke wa pili, na katika ile filamu ya wezi wa ng'ombe alisukumwa kutoka juu ya jabali, ingawa jabali lenyewe lilikuwa rundo la mchanga wa mjenzi kule Kyambogo, Kampala. Mara ya kwanza kabisa mama huyo, Amony, alipiga kelele ndani ya kibanda cha video mpaka mwenye mashine akaizima. Mwanawe akaja mbio kutoka nyuma, mzima wa afya, akamshika mkono. "Mama, mimi huyu hapa, nipo." Watu wakacheka mpaka machozi, na hadithi ile ikasaidia filamu kuuzwa. Tangu siku hiyo Amony alizoea. Mtoto wa mwenzio ni fundi cherehani, wako kazi yake ni kufa, utafanyaje?

Na kazi yenyewe isikieni, maana wapo wanaodhani filamu hutengenezwa na watu mia mbili na mwavuli. Oyat aliandika mwenyewe, kwa kalamu, kwenye daftari la shule. Aliongoza mwenyewe. Mhusika mkuu alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu waigizaji wa Kampala, alisema, siku ya kwanza wanakuja saa mbili, siku ya pili saa sita, siku ya tatu wamezima simu. Kamera ilishikwa na Habibah, binti wa Kinubi kutoka Bombo, mpole wa sura na mkali wa ulimi, ambaye ndiye pia aliyeunganisha picha kwenye kompyuta yake. Waliobaki walikuwa majirani tu. Kulikuwa na sheria moja: neno "kata" lilitamkwa na Oyat peke yake, hata akiwa marehemu. Mtu amelala chali, macho yamegeuka, rangi nyekundu inamchuruzika mdomoni, wanawake wanaomboleza, halafu maiti inasema "Kata!", inaketi, inajipangusa vumbi na kuuliza kama mwanga ulikuwa mzuri.

Uthman wa soko la Kikuubo, aliyezinakili filamu hizo na kuzisambaza mpaka Arua na Juba, hakumficha neno. "Ndugu yangu, watu hawanunui sura yako. Wananunua unavyokufa."

Filamu ya kumi na mbili ilikuwa ya baba yake.

Koplo Tarcisio Oloya alikuwa dereva wa lori la jeshi. Aliondoka asubuhi moja Oyat akiwa na miaka minne, akaelekea mpakani na wenzake watatu na shehena ya unga, na mpaka leo. Lori halikuonekana, watu hawakuonekana. Sasa, kwa watu wa kwao Oloya na wenzake wale ilikuwa hivi: mume hawi maiti mpaka mkewe asimame mlangoni pake na kupiga yowe la kwanza. Yeye ndiye anayefungua msiba, na kabla yake hakuna anayeruhusiwa kutoa chozi. Wake wa wale watatu walipiga yowe mwaka wa pili, wakanyoa, wakaendelea na maisha. Shemeji zake Amony walimjia mwaka wa tatu wakasema imetosha. "Nimlilie nani?" akawauliza. "Mmeniletea mwili?" Waliporudi mwaka wa saba aliwatoa na mwiko wa ugali mkononi. Alihama kota za jeshi, akapanga vyumba viwili Banda, chini ya Kyambogo, akawa anawapikia wanafunzi wa chuo. Mlango wake wa mbele hakuwahi kuutia komeo usiku hata mmoja, miaka ishirini na minne. Wezi waliingia mara tatu. Alinunua sufuria nyingine na komeo akaliacha.

Kwa hiyo Oyat alipokuja kuomba sare ya baba yake, Amony alipiga magoti kando ya kitanda. Halafu akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Shati, suruali, mkanda, na jozi ya buti.

"Chukua. Lakini nisikilize vizuri. Usimuue."

"Mama, ni filamu."

"Ndiyo maana nakwambia. Ua wachawi, ua mawaziri, jiue mwenyewe, mimi nimekuzoea. Baba yako usimuue."

"Sitamuua," akasema Oyat, akiinama kuangalia buti.

Alikuwa anadanganya, na tuseme tu ukweli. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeshaandikwa, na ndani yake Koplo Oloya alipigwa risasi kando ya lori lake. Asingekufa, filamu hiyo Uthman angemuuzia nani? Tena kulikuwa na jambo ambalo Oyat hakumwambia mtu: alikuwa amechoka. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye mlango usiofungwa huchoka. Alitaka mahali pa kuweka nukta.

Buti zilikuwa kubwa mno kwake. Alisokota magazeti akajaza sehemu ya vidole, akaondoka akiburuza miguu na kucheka.

*

Siku ya tatu ya kupiga picha, Habibah alipita kwa Amony na kompyuta yake.

"Mama, njoo uone mwanao anavyoijua kazi. Safari hii tutapata tuzo, wallahi."

Kwenye kioo mtu alikuwa anatembea kando ya lori, akigonga tairi moja moja kwa rungu. Jua lilikuwa nyuma yake na uso hauonekani vizuri. Mguu wa kushoto ulichelewa kidogo, kama unaomba ruhusa kwanza.

"Nani amemfundisha kuchechemea?" Amony akauliza.

"Nilidhani wewe."

"Rudisha."

Habibah akarudisha. Amony akaangalia mara nne, mkono kifuani. Wiki mbili kabla ya safari ile ringi ya lori ilimwangukia Oloya mguuni. Hakwenda kwa daktari, alijifunga kitambaa akaendelea na kazi. Hakuna picha ya siku zile. Amony hakumsimulia mtu habari ya mguu ule, kwa sababu ni yeye aliyemwambia nenda tu, mguu utapona njiani.

Jioni alimtazama mwanawe akiingia. Alitembea sawasawa.

"Unachechemea kwenye filamu."

"Mimi? Habibah anaota." Akavua buti mlangoni. Akaenda kunawa.

Amony akainama akatia mkono ndani ya buti. Hamna gazeti hata kipande. "Oyat! Magazeti umeyatoa?"

"Yalikuwa yananibana," akajibu kutoka uani, kama jambo la kawaida.

Nywele zilimsimama Amony. Lakini pamoja na hofu kulikuwa na kitu kingine, na ni vizuri kikasemwa waziwazi: alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya. Kesho yake alipika malakwang yenye karanga nyingi, mboga aliyoipenda Oloya, na kesho kutwa akapika tena. Alivaa kitambaa kipya kichwani. Majirani wakaanza kumtania: mama, kuna mgeni? Akawaambia waache umbea.

Wiki ya pili Habibah alirudi, na safari hii hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, kompyuta imefungwa mapajani.

"Mama, anachelewa kusema kata."

"Anachelewa kivipi?"

"Mwanzo sekunde chache. Jana tulipiga picha anabadilisha tairi. Ilitakiwa iwe dakika moja. Alibadilisha tairi lote, Mama. Akalishusha, akakaza nati, akanawa mikono kwa dizeli. Oyat hajui hata kuziba pancha ya baiskeli. Dakika ishirini na mbili. Aliniita 'dada mdogo'. Akaniuliza kama njia ya mbele imekauka. Halafu ghafla akapepesa macho, akasema kata, akaniuliza mbona betri imekwisha."

"Wewe ulimjibu nini? Kuhusu njia?"

Habibah akamkodolea macho. "Nilimwambia imekauka. Ningemwambia nini?"

Amony akatazama mlango. Ndani ya kichwa chake alikuwa anahesabu: sekunde chache, dakika moja, dakika ishirini na mbili. Mtu anayerudi nyumbani hufika hatua kwa hatua. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, Mungu amsamehe.

"Mwache," akasema. "Usimkatize."

"Mama, kuna neno lingine." Habibah alishusha sauti. "Kesho ndiyo siku ya risasi. Kesho baba anakufa. Imeandikwa."

Amony akasimama, kigoda kikaanguka. "Aliniahidi!"

*

Usiku ule Oyat hakurudi nyumbani. Kesho yake walikuwa kwenye uwanja wa ghala kuukuu nyuma ya viwanda vya Bugolobi, saa saba mchana, jua la kichwani. Amony alishuka kwenye bodaboda bila kusubiri isimame vizuri. Aliliona lori la kukodi, akawaona majirani wanne na bunduki za mbao, na mwanawe katikati na sare, amempa mgongo. Alifungua mdomo amwite. Fataki zikalia.

Majirani wawili waliokuwa askari wa koplo wakaanguka kama walivyofundishwa. Koplo alitakiwa aanguke wa tatu. Hakuanguka. Fataki zikaisha, moshi ukapanda, na yeye amesimama pale pale, mkono mmoja juu ya mlango wa lori. Wenye bunduki za mbao wakatazamana. Mmoja akapiga "pa! pa!" kwa mdomo, akidhani labda mwenzao hakusikia fataki. Akawa anangoja kata. Wote walingoja. Waliolala chini wakaanza kufumbua jicho moja moja.

Koplo aligeuka. Akatazama uwanja mzima polepole mpaka akamfikia Amony, na uso ukafunguka.

"Amony," akasema. "Umekonda."

Hapa nataka mnielewe. Mtoto wa Kiacholi hamwiti mama yake kwa jina. Hata mlevi, hata kichaa. Oyat tangu azaliwe alisema "Mama", na kwenye simu "Mama", na siku aliyokuwa na homa kali hospitalini alisema "Mama" usiku kucha. Majirani walisikia jina lile likitoka mdomoni mwake, na wawili wakaondoka bila kuaga.

"Nina njaa," akasema.

"Twende nyumbani," akasema Amony.

Wakaenda kwa miguu. Yeye mbele akichechemea, mke wake ubavuni, na nyuma Habibah na kamera inawaka. Baadaye Habibah alisema haikuwa ujasiri. Hakuna aliyesema kata, na aliogopa kuishusha kamera, maana hakujua angeona nini kwa macho matupu. Karibu na njia ya reli alikaa mzee Rajab, fundi wa magari aliyestaafu jeshini. Aliwaona wanakuja, akainuka kwenye kiti chake, akapiga saluti. Koplo akaijibu. Mzee Rajab akakaa tena, akajifunika uso kwa kofia yake, na hakuzungumza na mtu mpaka kesho yake.

Nyumbani Amony alimwekea maji ya kunawa. Akapakua malakwang na ugali wa wimbi, akakaa mkekani mbele yake. Mumewe alikula vile vile kama zamani, akianza na pembeni ya sahani kuja katikati. Amony alimtazama akatamani saa isimame.

"Ulikuwa wapi?"

"Kando ya lori."

"Miaka yote hii?"

"Miaka gani?" Alionekana kweli hajui. "Tulikuwa wanne. Kwanza akaondoka sajini. Alisimama tu akasema, mke wangu ananilia, akaenda zake. Halafu wa pili, halafu wa tatu. Mimi nikasikiliza, nikasikiliza. Sikuitwa. Kuna baridi pale, Amony, na hakuna anayepita."

 Miaka ishirini na minne Amony alijisifu, moyoni, kwamba yeye peke yake hakumtupa mumewe. Kumbe yeye ndiye aliyemwacha nje.

"Basi umefika," akasema. "Kaa. Hakuna wa kukuondoa hapa."

Akaitikia kwa kichwa, akamega tonge. Kisha akasita, akatazama chumbani, akatazama pazia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Oyat. Mbona simsikii? Mwite aje ale, mboga inapoa."

Amony aliutazama uso ulio mbele yake. Juu ya nyusi kulikuwa na kovu la siku Oyat alipoanguka kutoka mperani, ana miaka kumi. Sikio la kulia lilikuwa la kwake, Amony, sikio la ukoo wao. Kila kitu cha mwanawe kilikuwa pale isipokuwa mwanawe.

"Oyat," akaita, akimwangalia machoni. "Oyat, mwanangu."

Mtu yule akageukia mlango, akitabasamu, akingoja mtoto mdogo aingie mbio.

Hakuna aliyeingia.

"Kata," akasema Habibah mlangoni. "Oyat, kata. Imetosha. Kata!" Aliivunja sheria, akaivunja tena, machozi yanamtoka. Koplo alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba, akarudia sahani yake. Halikuwa neno lake lile. Kule alikokuwa halikumfikia.

Kisha akaweka tonge chini. Akainuka. Akafunua pazia, akaangalia uvunguni, akaangalia nyuma ya pipa la maji. "Oyat! Oyat wee!" Mdomo wa Oyat ukawa unamwita Oyat kila kona ya nyumba, na kila alipoita bila kujibiwa mguu wake ulizidi kuwa mzito na sauti ikazidi kupanda. "Amony, mtoto umempeleka wapi? Nilikuachia mtoto!"

"Yupo. Kaa chini."

"Hayupo! Nitamtafuta barabarani." Akaushika mlango, ule mlango usio na komeo.

Hapo Amony aliona jambo lote mpaka mwisho wake. Akitoka na mwili ule atamtafuta mtoto wa miaka minne Banda yote, na Kyambogo, na Kampala nzima, wala hatampata, wala hatachoka, kwa sababu waliokaa wakingojea hawachoki. Yeye Amony alikuwa shahidi wa hilo. Na alitaka kumzuia abaki. Nisiwafiche, kwa muda wa pumzi tatu hivi alitaka abaki, afunge mlango, ale naye kesho na kesho kutwa, na la mtoto litajulikana huko mbele. Pumzi tatu. Aliziungama mwenyewe baadaye, mbele ya watu.

"Mume wangu," akasema. Akamshika mikono yote miwili, akaiondoa mlangoni taratibu. "Maliza chakula chako. Mtoto nitamleta mimi."

"Utamleta?"

"Nitamleta."

Akamwamini. Akarudi mkekani, akakaa, akavuta sahani. Amony alisimama akimwangalia akila matonge mawili. Alifungua kitambaa kichwani, kile kipya, akakitupa chini. Akatoka, akasimama kizingitini, saa kumi alasiri, wanafunzi wanapita na mabegi yao, mama wa jirani anaanua nguo.

Akapiga yowe.

Waliolisikia walisema halikuwa yowe la mwanamke mmoja. Lilipanda, likakatika, likapanda tena. Lilikuwa na jina ndani yake. "Oloya! Oloya wee! Umekufa, Oloya! Umekufa ukaniacha na mtoto!" Nguo zikamponyoka jirani. Wanafunzi wakasimama. Wanawake watatu wa Kiacholi wa nyumba za chini, ambao hawakujua nani wala lini, walisikia lilivyopigwa wakajua ni la mke, na wakaitikia hapo hapo walipo, wakija mbio, mikono vichwani. Ndani, sahani ikadondoka sakafuni.

Amony hakugeuka. Alilia akitazama barabara, kwa sababu aliogopa akigeuka atamzuia tena.

Ikapita muda. Watu walikuwa wamejaa uani, wengine wanamshika asianguke, wengine wanaulizana. Kisha mtu akatoka nyuma yake, na hakuchechemea. Alikuwa na mboga vidoleni, na macho ya mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi. Alitazama umati, akamtazama Habibah aliyekaa chini na kamera mapajani, akaogopa.

"Mama," akasema. "Mama, nani amekufa?"

Amony alimgeukia, akaushika uso ule kwa mikono yote miwili, akapapasa kovu na sikio.

"Baba yako."

Oyat alimtazama. Wote waliokuwepo walitegemea atauliza ni vipi, maana hata watoto wa mtaa walijua habari ya yule koplo na lori. Hakuuliza vipi.

"Lini?" akasema.

"Sasa hivi. Alikuwa anakuulizia."

 Oyat ni mtu aliyejua kutoa machozi mbele ya kamera, iwe upande wa kulia au wa kushoto, aliyewafundisha majirani zake kulia, na sasa hakujua aanzie wapi. Alisimama na sare ya baba yake, akashika kola avue shati, akashindwa.

"Vua nguo za marehemu, mwanangu," akasema Amony, na alipoona hawezi akamsogelea, akamfungulia vifungo kimoja kimoja kuanzia juu, huku wote wawili wanalia, na majirani wakawa wanaingia uani na viti.